Siku Honi Ilipolala

Mguu wangu wa kulia haujastaafu. Mgongo umekubali, macho ndiyo yaliyotangulia kukubali, lakini mguu huo kila alfajiri hunyooka chini ya shuka kutafuta breki. Bibi yenu Mwanasha hupata teke, na badala ya kunigombeza huniuliza, nusu usingizini, nimefika wapi. Nami, nusu usingizini vilevile, humjibu: Kinango. Au humwambia naingia msitu wa Shimba na kuna ukungu. Basi hugeukia ukutani, tukaendelea na safari, yeye abiria na mimi dereva, mpaka muadhini atuteremshe.

Nawaandikia nyinyi vijana wa tuktuk wa Ukunda na Diani. Aliyenichokoza ni mjukuu wangu Rama, mwenzenu, ambaye juzi alikuja kunishtaki kwamba huko steji hakuna anayeamini kuwa Mackinnon Road iko Kwale hii hii yetu. Nikamwambia ni aibu, tena aibu kubwa, kwa mtu anayejiita dereva kutojua kwao kunaishia wapi. Kisha nikapoa. Nani angewaonyesha? Barabara zenu zinaanza hotelini na kuishia baharini.

Reli, wanangu, haikuwahi kufika pwani yetu ya kusini. Ilipita mbali nyuma yetu, huko kwenye nchi kavu ya miiba na ng'ombe, na sisi tulikuwa kama jirani anayesikia harusi kwa ng'ambo ya ua. Kilichotuunganisha ni basi moja. Siku ya kwanza linapanda kutoka Msambweni, linapitia Ukunda, Kwale, Kinango, hadi Mackinnon Road. Linalala huko, linangoja treni ya alfajiri kutoka bara, na kesho yake linashuka. Watu wa Jego na Vanga walipanda nalo na nazi na samaki wakavu. Wa juu walishuka na mbuzi. Watu waliliita Mkia wa Treni, na dereva wa mkia huo kwa miaka yangu yote ya nguvu nilikuwa mimi, Hamisi.

Aliyenifundisha ni Mzee Gandi, Mduruma mmoja mwembamba aliyeanzia kazi relini, akilisha moto treni za mvuke. Zilipokuja injini za dizeli akaambiwa moto wake hautakiwi tena, akahamia kwenye mabasi, lakini adabu za reli hakuziacha. Kila asubuhi aligonga magurudumu kwa nyundo ndogo na kuyasikiliza, na basi aliliita injini mpaka alipokufa. Kwake nilijifunza kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, breki ni ya kumalizia tu. Nilijifunza kupunguza upepo wa magurudumu kwenye mchanga. Nilijifunza pia, kwa kuchelewa, kwamba gunia la papa mkavu halipandi keria moja na godoro la bibi harusi. Jua la Kinango liliyeyusha mafuta ya papa, na shangazi wa bibi harusi alinitafutia matusi mengine hata mimi sikuwa nimewahi kuyasikia. Nasikia ndoa ile ilidumu, kwa hiyo najihesabu nimesamehewa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa honi.

Nyinyi honi mnaitumia kumwambia mzungu kwamba mpo. Yetu ilikuwa kitu kingine. Nyumba za huko juu ziko mbali na barabara, na alfajiri ndovu bado wako njiani, hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kusimama kichakani gizani angojee basi. Kwa hiyo dereva alipofika juu ya kilima kabla ya kituo, alipiga honi: moja ndefu, mbili fupi. Kule nyumbani mama alisikia, akaepua chungu, akajifunga leso, akatoka. Basi liliposhuka kilima kwa mwendo wake wa kobe, na yeye akaja kwa njia yake ya miguu, walikutana kituoni kama watu waliopeana ahadi. Mzee Gandi aliniambia siku ya kwanza kabisa, kidole changu kikiwa juu ya kitufe, "Hamisi, hiyo si honi yako. Hiyo ni saa ya watu."

Kulikuwa na sheria ya pili. Ukibeba maiti, honi inalala. Unapita kimya kutoka anakopakiwa mpaka anakoteremshwa, na hata abiria wanaongea kwa chinichini. Hiyo niliishika bila taabu, nililelewa vizuri.

Ya tatu niliisikia kwa sikio moja. Honi ikilala, alisema mzee, kile kimya lazima ukilipie kwa kusubiri. Unafika kituoni, unazima injini, unakaa mpaka yule wa nyumba ya mbali kabisa apate habari kwa njia nyingine, mbwa abweke, mtoto aone vumbi, na miguu yake imfikishe. Nilimwuliza kipimo chake ni dakika ngapi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza bahari ina vikombe vingapi. Mimi nilikuwa kijana, nikaona ni maneno ya mzee aliyezoea treni za kuchelewa. Ama kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sasa sikilizeni.

Kati ya Mackinnon Road na Kinango kulikuwa na kituo tulichokiita Jiwe Jeupe, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine chochote ila jiwe lililopakwa chokaa na njia ya miguu inayopotelea kwenye miiba. Siku moja tukipanda, jioni, tulimkuta hapo mfugaji mmoja jina lake Ndoro na binti yake Nyamvula. Kando yao lilikuwapo sanduku la bati la buluu. Ndoro mwenyewe alikuwa ameandika jina la binti kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe, herufi za mwanzo kubwa, za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi.

Nyamvula alikuwa amepata nafasi katika chuo kidogo cha wauguzi kilichokuwa nyuma ya steji yetu ya mwisho pwani; siku hizi hakipo. Katika vijiji vile vyote yeye ndiye wa kwanza. Barua ilisema aripoti kesho yake kabla ya ofisi kufungwa saa kumi, na asiyefika nafasi yake anapewa anayefuata. Kwa kuwa njia ya kwao ilikuwa ya miiba na alfajiri ya kesho angetakiwa kutembea upesi, baba aliona sanduku litangulie. Lipande nami leo, lilale Mackinnon Road, na kesho tukishuka lionane na mwenyewe hapo kituoni. Akaniambia, "Dereva, sanduku nakupa leo, mtoto nakupa kesho. Usinichanganyie."

Nikacheka, nikamwambia asiwe na shaka.

Mackinnon Road alfajiri ilikuwa na uzuri wake, uzuri usioelezeka. Kina mama wa chai walikuwa wakiwasha majiko, moshi unalala chini, na mlinzi wa stesheni aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, ngo, ngo, ngo, watu wakainuka na mizigo yao kama wanaoota. Siku hiyo treni ilishusha jeneza. Alikuwa mzee wa Kinango aliyefanya kazi reli huko bara maisha yake yote. Utingo wangu Saidi, mtu mzima mwenye watoto watano na mabega ya ng'ombe, alilipandisha taratibu na kulifunga katikati ya basi. Ndugu wa marehemu, bwana mmoja mnene, akaketi nyuma ya sikio langu. Alitaka kuzika kabla jua halijawa kali na alinikumbusha hivyo kila baada ya kona mbili.

Tulipofika juu ya kilima cha Jiwe Jeupe kidole changu kilienda chenyewe kwenye honi. Nikakirudisha. Tukateremka kimya. Pale kwenye jiwe hapakuwa na mtu. Nikapunguza mwendo, nikatazama ile njia ya miguu, tupu. Yule bwana akasema, "Dereva, maiti hasubiri." Nami nikabadilisha gia nikapita.

Mtaniuliza Nyamvula nilimsahau vipi. Sijui, wanangu. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye jeneza, kila shimo nilifikiria jeneza. Hayo si maneno ya kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Tulimteremsha marehemu Kinango, honi ikaamka, tukapanda Shimba kwenye ukungu ule mweupe ambamo miti hukujia mmoja mmoja na kupotea. Nilikuwa nimetulia kabisa, hata nilikuwa naimba.

Msambweni, saa sita kasoro, Saidi yuko juu ya keria anateremsha mizigo. Kila mzigo ulipata mwenyewe. Likabaki sanduku la buluu. Saidi akalishika mikononi, akasoma jina kwa sauti, mara mbili, akanitazama. Sanduku limefika na mwenye sanduku nimemwacha kwao, nyumbani, amevaa, anasikiliza honi ambayo sikuipiga.

Sikungoja. Nililibeba kichwani mpaka chuoni. Mkuu wa wauguzi alikuwa mama mmoja mrefu kutoka bara, saa ndogo imening'inia kifuani. Akaniuliza mwanafunzi yuko wapi. Nikamweleza yote, jeneza, kilima, jiwe, yule bwana mnene, nikiwa nimesimama na jasho kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Dereva," akasema, "mimi siandikishi masanduku."

"Najua, mama. Lakini nusu yake imefika."

Akaitazama saa yake ya kifuani. Akasema ofisi inafungwa saa kumi, na hiyo nusu nyingine aione hapo.

Basi letu lilikuwa lipumzike mpaka kesho. Tajiri wetu, mwenye basi, yuko Mombasa, hana habari. Saidi aliniambia tutafukuzwa wote wawili, kisha akapanda mlangoni na kusimama pale pake pa siku zote. Tukageuza.

Safari ile nikiikumbuka siioni kama kitu kilichotokea, naiona kama ndoto ya mchana. Barabara tupu, joto linacheza mbele kama maji, na basi tupu linalialia kama debe. Nilipiga honi kila kilima, moja ndefu mbili fupi, tena na tena. Na watu wakatoka! Saa saba mchana, upande usio wake, siku isiyo yake, wanawake wanatoka mashambani na majembe, wazee wanatoka na mbuzi wamefungwa kamba. Bibi mmoja karibu na Kinango alisimama katikati ya barabara na kapu la kuku akaniuliza kwa upole kabisa kama leo ni leo au ni kesho. Nikamwambia angoje, narudi sasa hivi. Akajibu kwamba yeye honi imemwita, basi habari ya siku niulizane mwenyewe na serikali.

Juu ya kilima cha Jiwe Jeupe nilipiga honi mpaka Saidi akaziba masikio. Tukateremka. Pale kwenye jiwe, hakuna mtu.

Nikazima injini.

Kimya cha nchi ile ni kizito. Bati la basi lilikuwa likilia tiki, tiki, likipoa. Saidi alitazama jua, akanitazama. Saa kumi ilikuwa ikitukimbia na kila dakika tuliyokaa hapo ilikuwa ni ya yule msichana. Akili ilinituma nirudi, labda ameshatembea, labda ameshuka kwa gari jingine, labda niwahi angalau kumwomba yule mama. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku breki ziliponishinda Shimba. Lakini safari hii maneno ya Mzee Gandi yalikuwa yamekaa kwenye masikio yote mawili. Nikabaki.

Alitokea kwenye miiba akitembea upesi, viatu vyeupe mkononi, miguu ina udongo mbichi. Tangu walipojua basi limewapita alikuwa shambani analima, kwa sababu nyumbani mama yake alikuwa analia na hakuweza kukaa kumsikiliza. Nyuma yake Ndoro.

"Mjomba," akasema, "honi imelia, nimekuja."

Ndoro alinitazama, akaniuliza sanduku lake liko wapi. Nikamwambia limetangulia chuoni. Akatikisa kichwa akasema basi sanduku lina bahati kuliko mwenyewe, na akampandisha binti yake kwa mkono.

Tukateremka, na wale wote niliowaahidi kwamba narudi walikuwa bado wanangoja, na ningewaachaje tena, mimi? Nikasimama kila kituo. Bibi wa kuku akapanda. Wazee wa mbuzi wakapanda. Nyamvula aliketi kiti cha dirishani, anatazama jua linavyoinama, hakunihimiza hata mara moja, na huko kutonihimiza ndiko kulikonichoma. Tulipofika, kufuli ilikuwa mlangoni mwa ofisi. Jua lilikuwa la machungwa. Msichana akasimama mbele ya ule mlango, amevaa viatu vyake sasa, na mimi nikaketi kwenye ngazi.

Mkuu wa wauguzi akaja kutoka upande wa mabweni na daftari kwapani.

"Nyamvula Ndoro?"

"Ndimi."

"Uliandikishwa saa tisa na nusu. Sanduku lako liko kitanda cha nne. Nenda ukaoshe miguu." Kisha akanigeukia. "Nawe, usinirudishe tena kwenye dhambi kama hii."

Tajiri alinisimamisha kazi majuma mawili. Alipojua kwamba basi lilikwenda bila ruhusa alifoka, na alipoambiwa lilirudi limejaa watu waliokuwa na safari ya siku nyingine, hakujua acheke au aendelee kufoka. Mzee Gandi alikuja kunitazama nyumbani. Hakunisimanga. Aliniuliza tu mara ya pili nilisubiri kiasi gani. Nikamwambia mpaka alipokuja. Akasema ndicho kipimo chake, akaomba maji ya kunywa.

Miaka imekwenda. Mkia wa Treni uliuzwa, na bodi lake nililiona nyuma ya gereji moja Ukunda, kuku wamelala kwenye kiti changu. Treni mpya inapita juu ya nguzo zake, nzuri, safi, inapita kama mtu asiyetujua. Nyamvula alirudi kwao akawa muuguzi wa zahanati, akafanya kazi huko mpaka nywele zikawa pamba. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wauguzi vijana: saa ya kufunga ikifika, hafungi. Anatoka nje, anaitazama njia, anakaa kwenye benchi. Wakimwuliza, anawajibu kwamba wa mbali bado hawajafika.

Mwaka jana alifia kwa binti yake, Ukunda. Walikodi basi la kumrudisha kwao, jipya, lenye honi inayoimba nyimbo. Nikaomba nami niende. Dereva, kijana wa rika lenu, alinipa shikamoo na kiti cha mbele. Nikamwomba honi ilale, akakubali. Nikamwomba asimame kila kituo na kuzima injini. Hapo akawatazama wafiwa. Mmoja wao akasema jua ni kali, na maiti hasubiri. Ni maneno yale yale, wanangu, kana kwamba yalikuwa yakiningoja barabarani miaka yote.

Nikamgeukia nikamwambia, "Huyu anasubiri. Niulize mimi."

Pale Jiwe Jeupe, ambalo halina tena chokaa, kijana akazima injini. Njia ya miguu ilikuwa tupu. Tukakaa. Dereva akaitazama simu yake, akairudisha mfukoni. Kisha akatokea mwanamke na mtoto mgongoni. Akatokea mzee na fimbo. Wakaja wawili, wakaja watano, kutoka kwenye miiba ya kila upande, bila honi, bila mtu kuwaita, wanasimama kando ya basi na kuweka kiganja kwenye bati lake. Tulisubiri mpaka wa mwisho. Kisha wakatangulia mbele yetu kwa miguu kuelekea kwa Ndoro, na basi likawafuata kwa mwendo wao. Mimi nililia, na sikujificha.

Haya, rudini kazini. Na abiria akikupigia simu, usimwambie uko mlangoni kwake na wewe bado unakoroga chai.

Siku hizi kwenye ndoto sifiki mbali. Leo alfajiri nimempiga teke tena Mwanasha, akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia Jiwe Jeupe. Akaniambia niendeshe basi, muadhini anakaribia.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Kuna mtu yuko njiani."